Natoka zamu ya usiku, nafungua katuni za ngumi: nina tatizo?

*"Mimi ni muuguzi, nina miaka 33, nipo wodi ya majeruhi. Nikitoka zamu ya usiku usingizi haunijii mara moja, basi nafungua simu naangalia anime (katuni za Kijapani) za mapigano, hasa One Piece na zile Dragon Ball za zamani. Vipindi viwili vitatu, nacheka peke yangu, halafu nalala. Kaka yangu amesomea fasihi, ananisema kila siku: eti ni katuni za watoto wa kiume, hazina kichwa wala miguu, na mtu mzima akishindwa kuangalia kitu kizito ujue akili imechoka. Kinachonisumbua ni hiki: usiku kucha nimeshona watu waliopigwa chupa na mapanga, mbona nikifika nyumbani napumzishwa na watu wanaopigana? Nimekuwa sugu? Halafu mwanangu wa miaka 8 ameanza kujipenyeza kwenye kochi tuangalie wote. Nimwache?"*

Dada, pole na kazi. Umeuliza mambo matatu, na la usugu ndilo naona limekukosesha raha. Kwa ulivyoeleza, mimi sioni usugu hapo. Mtu sugu hacheki, na hakai kujiuliza kama amekuwa sugu. Isitoshe, kile unachokiona wodini na kile unachokiona kwenye simu vimechangia jina tu. Vyote tunaviita mapigano, lakini vimefumwa kwa nyuzi tofauti kabisa, na nitajaribu kukuonyesha ule wa kwenye simu unavyofumwa.

Mimi nimechora hadithi za picha kwa zaidi ya miaka ishirini na sasa nafundisha vijana wanaotaka kuzichora. Si daktari wa akili, na huko mbele nitakwambia ujuzi wangu unapoishia. Ila ngumi ya kwenye karatasi naijua. Nimechora mamia, na zile za mwanzo zilikuwa mbovu.

Kwanza hili la "katuni za watoto wa kiume". Kaka yako amepata nusu. Neno shonen kwa Kijapani ni mvulana, kweli, lakini linataja rafu dukani, halitaji aina ya hadithi. Manga, yaani hadithi za picha za Kijapani (si ya Wamanga wala ya pilipili), huko kwao nyingi hutoka kwanza kwenye majarida, na kila jarida linajua linamwandikia nani. Mwaka 1959 yalitoka Shonen Magazine na Shonen Sunday, na mwaka 1968 kampuni ya Shueisha ikaleta Shonen Jump, ndiyo iliyozaa hizo mbili unazozipenda. Hadithi ikitoka kwenye jarida la shonen, ni shonen, yamekwisha. Ndiyo maana rafu hiyohiyo imebeba Death Note, ambayo karibu haina ngumi hata moja, na imebeba Attack on Titan, ambayo majitu yanatafuna watu mchana kweupe. Kumbuka hiyo ya pili, nitairudia tukifika kwa mwanao.

Na hao wavulana hawakuwahi kuwa peke yao. Jump ilipofika kileleni, mwishoni mwa 1994, toleo moja lilichapishwa nakala milioni 6.53, na watu wazima nao walizisoma, hata ndani ya treni wakienda kazini. Wanawake hawakuishia kusoma. Rumiko Takahashi alichora Ranma ½ kwenye Shonen Sunday kuanzia 1987 hadi 1996. Hiromu Arakawa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, ndiye aliyetuletea Fullmetal Alchemist, nayo ya rafu hiyohiyo. Jina lake lilikuwa Hiromi, akabadilisha herufi moja lisikike la kiume. Kwa hiyo kaa kwenye kochi lako bila kuomba radhi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Watu wengi hudhani anime za namna hii ni hadithi za mapigano zilizonyunyiziwa vichekesho ili mtu apumue. Mimi naziona kinyume chake. Zile nzuri ni vichekesho vilivyojifunza kupigana. Chukua huyo Akira Toriyama wa Dragon Ball, aliyefariki Machi 2024. Kabla ya Goku, shujaa wa hadithi hiyo, alikuwa mchora vichekesho vitupu: tangu 1980 hadi 1984 alichora Dr. Slump, habari za kiroboti cha kike chenye nguvu za ajabu na akili ya mtoto. Mhariri wake Kazuhiko Torishima alikuwa mkali, akikataa michoro na kuirudisha. Toriyama akalipiza kwa kumchora ndani ya hadithi kama mwovu anayeitwa Dr. Mashirito, ambalo ni jina la Torishima limesomwa kinyumenyume. Toriyama huyo wa vichekesho ndiye aliyeanza Dragon Ball mwaka huohuo wa 1984. Mkono wake ulikuwa umeshazoea mizani ya kichekesho: andaa, nyamaza, lipua.

Ngumi nayo inataka mizani hiyohiyo. Hili nililijifunza kwa aibu. Nilichora kurasa mbili za ugomvi wa sokoni, mkono unaruka, jino linaruka, vumbi, nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha. Akaangalia, akauliza, "Hii ngumi imempata saa ngapi?" Sikumwelewa. Akachukua penseli, akachora kijisanduku kidogo kabla ya ile ngumi: jicho tu la yule anayepigwa, linatazama pembeni, limeshajua. Basi. Ngumi yangu sikuigusa hata kidogo, lakini sasa ilikuwa inauma, na palepale ilikuwa inachekesha. Lile jicho ndiyo ile pumzi anayoivuta msimuliaji hodari kabla ya kutaja kilichomkuta fisi.

Kuna mpambano mmoja wa Dragon Ball ninaofundishia kila mwaka. Ni mashindano ya kwanza anayoshiriki Goku akiwa bado mdogo. Rafiki yake Krillin, katoto ka upara, amepangiwa jitu linaloitwa Bacterian ambalo halijawahi kuoga tangu lizaliwe. Silaha yake ni harufu. Krillin anayumba, macho yanamtoka, anaziba uso, amekwisha. Wewe msomaji nawe unakunja uso. Ndipo Goku anapaza sauti kumkumbusha kitu: Krillin hana pua. Na ni kweli! Tangu siku ya kwanza amechorwa bila pua, umezoea, ukasahau, na yeye mwenyewe amesahau. Anasimama, harufu haipo tena, anashinda. Angalia kilichofanyika hapo: sheria ya uchoraji imegeuka kuwa mbinu ya vita. Ushindi na kicheko vimetoka kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja.

One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997, imejengwa juu ya kiwanja hichohicho. Luffy ni haramia aliyekula tunda likamfanya awe mpira, na tunda hilohilo likamnyang'anya uwezo wa kuogelea. Haramia asiyejua kuogelea: tayari umeshatabasamu, na hadithi haijaanza. Bila shaka umeshafika kwa Enel, yule anayejiita mungu, anayeua kwa radi. Anamshushia Luffy radi yake nzito, na mpira haupitishi umeme. Uso wa Enel pale, macho yametoka nje, taya limeanguka, ulimi unaning'inia! Vita ile yote ni somo la fizikia la darasa la saba lililogeuzwa kuwa kichekesho.

Nadhani hapa umeanza kuona kwa nini mwili wako hauchanganyi vitu hivi viwili. Watoto wakipigana mieleka ya mchezo, unajua ukiwa hata jikoni kwamba ni mchezo, kwa sababu kuna kucheka, kuna kuachiana zamu, na anayeanguka ananyanyuka. Shonen nyepesi inatoa dalili hizo kila ukurasa. Nundu inavimba kama andazi, inabandikwa plasta ya msalaba, ukifungua ukurasa haipo. Luffy anavunjwavunjwa, anakula nyama, anasimama. Kwenye Dragon Ball kuna maharage ya senzu; mtu aliye hoi anatafuna punje moja, amepona kila kitu. Nawe ambaye ungeuza nusu ya mshahara upate gunia la maharage hayo uweke stoo ya wodi, unacheka kuliko mimi. Kicheko hicho ni cha mtu anayejua jeraha la kweli linavyochukua wiki sita. Hakikutoki kwa kuwa umesahau wagonjwa.

Kuna kingine, na hiki kwa mtu wa kazi yako nakipa uzito zaidi. Wodini juhudi na matokeo havina mkataba. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na mgonjwa akaondoka, halafu mwingine aliyekuja na uzembe wake wote akapona. Wakubwa wa Jump kwa miaka mingi wametaja maneno matatu kama nguzo za jarida lao: urafiki, juhudi, ushindi. Humo juhudi inalipwa. Goku na Krillin wanafika kwa mwalimu wao mzee wakitegemea siri za ngumi, naye anawapa kazi ya kusambaza maziwa nyumba kwa nyumba alfajiri kwa miguu, kulima shamba kwa mikono mitupu, kukwepa nyuki wakiwa wamefungwa kamba kwenye mti, huku mgongoni wamebeba magamba ya kobe ya kilo 20. Hakuna siri. Siku ya kuvua magamba wanaruka juu hadi wenyewe wanashangaa. Mzee huyo, kwa taarifa yako, anawadai pia wasome, wacheze, wale na walale. Usiku mmoja ambao malipo yake yanaonekana kwa macho, baada ya usiku ambao hayakuonekana, unamtosha mtu kupata usingizi.

Na kaka yako wa fasihi? Muulize kama hajafundishwa majigambo. Kwenye anime mpiganaji anataja jina la pigo lake kwa sauti kabla ya kulirusha, na watu hulicheka jambo hilo: kwa nini umwambie adui? Lakini shujaa wa kwetu anayejigamba mbele ya hadhira hafanyi tofauti sana; anajiita majina, anataja alichofanya na atakachofanya, na wasikilizaji wanasubiri neno walijualo waliitikie. Umbo ni lile lile ingawa mizizi ni mbalimbali. Hata ile sheria ya shujaa asiyeshindika kuwa na tundu moja tu, kwa Luffy bahari, sisi tunaijua tangu Fumo Liyongo na sindano ya shaba ya kitovuni. Tofauti ni kwamba Liyongo alikufa kwayo, na Luffy anavutwa majini na wenzake huku akitapika maji.

Ila nisimwonee kaka yako. Anaposema hazina kichwa wala miguu, kuna siku anasema kweli. Hadithi hizi hutoka kila wiki, sura moja kurasa zisizofika 20 kwa kawaida, na kwa miaka mingi jarida limekuwa na kadi ya posta ambayo msomaji anataja hadithi alizozipenda. Zinazobaki mkiani hukatwa. Mchoraji anajua akizubaa wiki tatu huenda hana kazi. Utaratibu huo unaleta kasi tamu, na unaleta pia mambo ya kuungaunga. Zile nywele za dhahabu za Goku anapojigeuza kupata nguvu zaidi, ambazo vijana wamezitafutia falsafa, Toriyama alieleza kuwa sababu mojawapo ilikuwa kumpunguzia msaidizi kazi ya kujaza wino mweusi. Majina ya watu wa Dragon Ball nayo: Gohan, mtoto wa Goku, ni wali, Vegeta, mshindani wake, ni mboga, na jina la kabila lao zima, Saiyan, ni neno la Kijapani la mboga lililogeuzwa silabi. Kikosi kizima cha wauaji wa kutisha kimepewa majina ya maziwa, siagi, jibini na mtindi. Mimi hilo huniambia mchoraji hataki niogope kupita kiasi. Mwingine ataona ni utoto, na sina hoja ya kumshinda.

Kuna na upande mmoja nisiopenda kuuficha: wepesi huo unachorwa na migongo ya watu. Yoshihiro Togashi wa Hunter × Hunter amesimamisha kazi mara nyingi kwa maumivu ya mgongo.

Usidhani pia kwamba hadithi nyepesi haijui gharama. Kwa kuwa wewe ni muuguzi, jaribu My Hero Academia ya Kohei Horikoshi, iliyotoka kuanzia 2014 hadi 2024. Kijana Midoriya anapewa nguvu kubwa kuliko mifupa yake, kila akiitumia anavunjika. Shule ina muuguzi bibi kizee anayeponya kwa busu. Inachekesha, mdomo wake unarefuka kama mrija. Lakini uponyaji wake unatumia nguvu za mgonjwa mwenyewe, hivyo aliyechoka mno hawezi kuponywa yote, na ipo siku bibi anakataa: anamwambia kijana kwamba majeraha ya namna hiyo, ya kujitakia, hatayatibu tena. Nilipofika hapo nilimpigia simu shangazi yangu aliyestaafu uuguzi. Alicheka, halafu akanyamaza kidogo.

Kuhusu mwanao: usiongozwe na neno shonen. Mtoto wa miaka 8 anayepewa "shonen yoyote" anaweza kuangukia Attack on Titan, au Demon Slayer ambamo vichwa vinakatwa kila baada ya muda. Filamu yake ya Mugen Train ya 2020, hata huko Japani ilipewa alama ya PG12, yaani aliye chini ya miaka 12 aongozwe na mzazi. Dragon Ball ya mwanzo ni nyepesi kwa ngumi, lakini yule mzee mwalimu ana tabia ya kuwachungulia na kuwashikashika wasichana, na inaletwa kama mzaha. Mimi pale nasimamisha picha na kumwambia mtoto waziwazi kwamba hilo ni kosa, halafu tunaendelea. One Piece ina machozi na ina wanaokufa, ila sehemu za mwanzo kwa mtoto aliyekaa na mama naona zinafaa. Mkalie karibu. Mtazame usoni kuliko unavyotazama simu: akicheka wakati wa kucheka, ameuelewa mchezo. Akianza kurukia watu baada ya kipindi, mpe dakika kumi za mieleka kwenye godoro, umwekee sheria. Lakini akianza kushtuka usiku, akarudia kukojoa kitandani wakati alishaacha, au akapanda juu ya ukuta ajaribu kuruka kama Goku, funga kwanza, na ukiona haipungui mpeleke kwa daktari wa watoto, uzungumze na mwalimu wake pia. Huenda chanzo hakipo kabisa kwenye katuni.

Kuhusu wewe, pima kwa usingizi. One Piece kama anime ilianza Oktoba 1999 na imeshapita vipindi 1,000. Haina mwisho utakaokwambia "sasa lala". Tena mwendo wake ni wa kuvuta, wakati mwingine nusu ya kipindi ni watu wanatazamana. Ningekushauri siku za zamu usome manga badala ya kuangalia: sura moja ni dakika tano, unaifunga. Tangu Januari 2019 Shueisha wana programu ya Manga Plus, sura za mwanzo na za karibuni zinasomwa bure, ingawa Kiswahili hakimo na bando ni lako. Utasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya kwanza inasumbua, ila waliosoma tenzi kwa hati za Kiarabu hawakuona ajabu.

Hapa ndipo ujuzi wangu unapoishia, kwa hiyo nisikilize kama ndugu tu. Ukiona vipindi vitatu vimekuwa nane na unarudi kazini hujalala. Au sura za majeruhi zinakurudia ukifumba macho. Au hucheki tena, unaangalia tu ili usifikiri. Au mgonjwa anafariki na husikii lolote, wiki baada ya wiki, usingoje. Nenda ukaonane ana kwa ana na daktari wa afya ya akili au mshauri nasaha, hapo hospitalini kwenu au kwingine kama unaona haya ya wenzako. Na likikupitia wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo. Wauguzi mna ugonjwa wenu wa kuhesabu kila mtu ni mgonjwa isipokuwa nyinyi. Kwenye barua yako sijaona hata kimoja kati ya hivyo, ila wewe ndiye unayejua ambacho hukukiandika.

Kaka yako mwalike Jumamosi. Usianze kumweleza urafiki na juhudi, atakuletea nadharia. Mpikie, mkae wote na mtoto, mumwekee yale mashindano ya Krillin na Bacterian. Ila usimwambie mapema kuhusu pua.